Kufuatilia pesa za washawishi Bungeni: tathmini ya huduma zilizopo Nairobi

Kenya haina sheria inayomlazimu mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge ajiandikishe, aseme anamfanyia nani kazi na ametumia kiasi gani. Mkazi wa Embakasi au Kibra anayetaka kujua kwa nini kodi ya bidhaa fulani iliondolewa dakika za mwisho hana daftari moja la kufungua. Inambidi aunganishe huduma kadhaa, kila moja iliyobuniwa kwa kazi nyingine: tovuti ya Bunge, Hansard (kumbukumbu rasmi za hotuba za Bungeni), ombi la habari, upekuzi wa kampuni kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), tovuti ya Mzalendo inayofuatilia wabunge, na mwisho EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Tumezipima zote kwa swali moja tu: zinamsaidia mwananchi kiasi gani kuona mkono wa mwenye pesa ndani ya mswada?

Jibu letu ni kwamba karatasi zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hazina kuu ni ripoti za kamati. Mahali pabovu kuliko pote ni kura yenyewe.

Tuanze na ripoti za kamati, maana hapa ndipo muda wako unapaswa kwenda. Kila mswada hupelekwa kwa kamati, na kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi. Kamati hutangaza magazetini, hupokea maoni ya maandishi, huwaita wadau, kisha huwasilisha ripoti. Ripoti hiyo hupatikana bure kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ke. Kamati ya idara katika Bunge la Kitaifa la sasa ina wabunge 15, kwa hiyo sahihi 8 zinatosha kuipitisha ripoti. Mwenye pesa hahitaji kuwafikia wabunge 349. Anahitaji 8, na wakati mwingine mwenyekiti na wawili watatu wenye sauti. Ndiyo maana kamati inastahili macho kuliko ukumbi mkubwa ambao runinga huonyesha.

Isome ripoti kuanzia nyuma. Kurasa za mbele zimejaa utangulizi na shukrani. Viambatisho ndivyo vyenye nyama: orodha ya wabunge walioidhinisha ripoti kwa sahihi, kumbukumbu za vikao, maoni yaliyowasilishwa na wadau, na jedwali linaloonyesha nani alipendekeza nini kwa kifungu kipi na kamati ikasemaje.

Weka hati tatu pamoja. Ya kwanza ni mswada kama ulivyochapishwa. Ya pili ni jedwali hilo la maoni. Ya tatu ni ratiba ya shughuli ya siku ambayo mswada unaingia Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiupitia kifungu kwa kifungu, kwa sababu notisi za marekebisho huchapwa humo. Chukua kifungu kimoja kimoja, na kwa kila rekebisho jiulize ni nani aliyeliomba kwenye jedwali.

Utapata majibu ya aina mbili. Rekebisho likifanana neno kwa neno na andiko la kampuni au chama cha wafanyabiashara, hilo peke yake si hongo. Kutuma maneno yaliyo tayari kwa kamati ni halali, na wataalamu wa kodi hufanya hivyo kila mwaka. Ila umeshajua nani ananufaika, na unaweza kuendelea kuuliza. Jibu la pili ndilo zito: rekebisho ambalo hakuna mdau aliyeliomba, halimo kwenye jedwali, halimo kwenye kumbukumbu, lakini limeibuka kwenye notisi. Hapo simama. Kuna mtu aliyeongea na mtu mahali pasipoandikwa kumbukumbu.

Kanuni za Bunge zinamtaka mbunge asiye mwenye mswada awasilishe rekebisho kwa maandishi kwa karani saa 24 kabla ya kikao. Saa 24 ni chache mno kwa umma kuzisoma kurasa na kuelewa. Mswada wa Fedha ndio mfano mkali: huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, maoni hukusanywa Mei, na lazima yote yaishe kabla ya Juni 30. Wiki mbili za mwisho za Juni ndizo za kukesha. Suala la vipengele vinavyoingizwa baada ya wananchi kutoa maoni lilifika hadi kwenye kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Rufani iliifuta sheria hiyo Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo usitegemee kwamba mahakama itakuokoa na rekebisho la usiku. Liwahi likiwa bado kwenye notisi.

Kumbukumbu za vikao zina hazina nyingine ambayo wengi huiruka: mstari wa mahali. Kila kumbukumbu huandika kikao kilifanyika wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, nani aliomba radhi, na nani alihudhuria kama mgeni. Kikao kikiwa katika Majengo ya Bunge au kwenye Bunge Tower, lile jengo jipya lililofunguliwa Aprili 2024, hakuna cha kushtua. Kikiwa hotelini Mombasa au Naivasha kwa siku tatu, uliza nani alilipa. Huenda ni bajeti ya Bunge. Huenda ni shirika la maendeleo. Huenda ni sekta ileile inayoguswa na mswada, imewaita waheshimiwa kwa "semina ya kuwajengea uwezo". Soma pia shukrani za mwanzoni, kwa kuwa mfadhili wa semina wakati mwingine hutajwa hapo kwa heshima zote. Hayo ndiyo mambo ya kuandikia barua, na tutaifikia barua hiyo.

Kasoro za huduma hii ni za kukera. Ripoti nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa skani, kwa hiyo ukitafuta neno ndani ya faili hupati kitu. Dawa ni kuipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi. Ukiipakia Google Drive na kuifungua kama hati, inafanya kazi hiyo bila malipo, ila majedwali huvurugika na tarakimu lazima uzihakikishe kwa macho. Faili huwa nzito, kwa hiyo ipakue mara moja kwenye waifai, usiisome mtandaoni kwa bando. Viambatisho vingine hukosekana kabisa, hasa maoni ya wadau, hata pale ripoti inaposema vimeambatishwa. Hilo likitokea, kiambatisho chenyewe kiwe ombi lako la kwanza la habari.

Sasa kura. Hapa huduma inaanguka, na inaanguka kwa sababu kanuni zenyewe zinairuhusu ianguke. Spika huuliza swali, wabunge hupaza sauti, naye hutangaza upande ulioshinda. Majina hayaandikwi. Ili yaandikwe, lazima mbunge adai kura ya kuhesabiwa, na wenzake 30 au zaidi wasimame kumuunga mkono. Akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50 tu kwa mujibu wa kifungu cha 121, kwa hiyo jambo linaweza kuamuliwa na watu 26 ambao hakuna mwananchi atakayewajua.

Agosti 2018 ripoti kuhusu sukari ya magendo ilikataliwa Bungeni, na madai yakaenea kwamba wabunge waligawiwa pesa, wengine shilingi 10,000 tu, ili waiangushe. Spika aliagiza uchunguzi. Linganisha na Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo kura zilihesabiwa kwa majina, na kila mpiga kura aliweza kumuuliza mbunge wake kwa nini. Anayenunua kura hupenda sauti za pamoja, kwani mbunge hana cha kujibu nyumbani. Ukitaka kumbana wako, mwandikie kabla ya kikao umwombe asimame kati ya wale 30. Ombi hilo ni dogo na halina kisingizio.

Hansard husaidia kwa njia nyingine. Kanuni zinamtaka mbunge mwenye maslahi binafsi katika jambo ayatangaze kabla ya kulizungumzia. Tafuta hotuba yake, uone kama alitangaza. Jihadhari na kitu kimoja: nakala ya mtandaoni imeandikwa chini ya ukurasa kwamba ni ya kuarifu tu, na nakala iliyothibitishwa hutolewa na idara ya Hansard. Ukipeleka nakala ya mtandaoni mahakamani au kwenye malalamiko rasmi, wakili wa upande wa pili atakuzuia hapohapo.

Huduma tunayoipenda kuliko zote ni ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ni bure kuwasilisha; unalipia tu gharama ya kunakili. Sheria inaruhusu uandike kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, na kama ombi linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikikaa kimya muda ukapita, kimya hicho kinahesabiwa kuwa ni kukataa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, iliyoko West End Towers, Waiyaki Way, Westlands.

Maombi mengi hukwama kwa sababu yanauliza maoni. "Naomba kujua kwa nini kamati ilipendelea kampuni" halitajibiwa kamwe. Omba hati. Barua kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842-00100 Nairobi, inaweza kusema hivi:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu kikao cha Kamati ya (jina) kilichofanyika (mahali) tarehe (tarehe): barua ya mwaliko, orodha ya waliohudhuria, wakiwemo wageni, hati za malipo ya ukumbi, malazi na usafiri zikionyesha aliyelipa, na maandishi yote yaliyowasilishwa na wadau siku hiyo. Iwapo hati yoyote haiko chini ya ofisi yako, naomba ombi hili lihamishiwe ofisi inayohusika."

Jambo moja kwa barua moja. Ukichanganya vikao vinne na miswada miwili, umewapa sababu ya kuongeza siku. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Bila muhuri huo Ombudsman hana pa kuanzia kuhesabu siku. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi jibu la kiotomatiki kama limekuja, na kama halijaja, peleka karatasi.

Upekuzi wa kampuni kupitia eCitizen ni wa haraka. Unatafuta kampuni, unalipa ada inayoonyeshwa, unapata hati ya CR12 yenye wakurugenzi na wenyehisa. Linganisha majina na ya familia na washirika wa mheshimiwa, kisha angalia kama kampuni hiyo ina zabuni kwenye tenders.go.ke. Udhaifu ni kwamba mwenyehisa anaweza kuwa kampuni nyingine, nayo inamilikiwa na nyingine, au anaweza kuwa mtu aliyewekwa tu kushikilia jina. Sheria inazitaka kampuni zimtaje mmiliki halisi mwenye asilimia 10 au zaidi, lakini daftari hilo halikufunguliwa kwa mwananchi wa kawaida kama CR12.

Tunasisitiza zabuni na ajira kwa sababu pesa kubwa haziji kwenye bahasha. Huko Marekani majimbo yote 50 yanawataka washawishi wajiandikishe, na bado tazama yaliyotokea. Ohio, Spika wa bunge la jimbo Larry Householder alinufaika na takriban dola milioni 60 kutoka kampuni ya umeme ya FirstEnergy, zikipitia shirika lisilo la faida la Generation Now ambalo halikulazimika kuwataja wachangiaji wake. Mwaka 2019 sheria ikapita ya kuviokoa vinu viwili vya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni moja za wateja wa umeme. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Illinois, kampuni ya ComEd iliwalipa watu wa karibu wa Spika Michael Madigan takriban dola milioni 1.3 kwa kandarasi ambazo hawakuzifanyia kazi au walizifanyia kidogo sana. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 mwaka 2020, naye akahukumiwa miaka saba na nusu mwaka 2025. Daftari la washawishi lingetusaidia sana Nairobi, na tunalitaka. Lakini lisipoambatana na uwazi wa nani anachangia mashirika, nani anamiliki kampuni na nani ameajiriwa kwa ombi la nani, mwenye pesa atazunguka nyuma.

Mlango wa kampeni hapa kwetu uko wazi kabisa. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa 2013, lakini haijawahi kusimamia uchaguzi mkuu wowote. IEBC, tume ya uchaguzi, ilitangaza viwango vya matumizi Agosti 2021, wabunge hawakuziidhinisha kanuni, na viwango vikaondolewa. Kwa hiyo hakuna huduma ya kutathmini hapa. Mgombea anaweza kupokea mamilioni kutoka kwa mfanyabiashara, aingie Bungeni, aketi kwenye kamati inayomsimamia mfanyabiashara huyohuyo, na hakuna karatasi hata moja inayowaunganisha. Hili ndilo pengo linalotuuma kuliko yote, na waliopaswa kuliziba ndio wanaofaidi kwa kuwa wazi.

Harambee ni binamu wa kampeni. Kampuni haimpi mbunge pesa. Inachangia paa la kanisa au basi la shule katika eneo lake, yeye akiwa mgeni wa heshima, na sifa inakuwa yake. Andika tarehe, mchangiaji na kiasi kinachotangazwa kwenye kipaza sauti, kwa sababu hapo ndipo pesa hutajwa hadharani. Kisha rudi kwenye miswada ya miezi sita inayofuata.

Tovuti ya Mzalendo, iliyoanzishwa 2005, inafaa kwa kujua nani aliongea mara ngapi na kuhusu nini, na kwa wasifu wa wabunge. Kuongea sana si uadilifu, kwa hiyo usiitumie kumsafisha mtu. Ni mahali pa kuanzia, basi.

Tamko la mali la mbunge ni huduma kwa jina tu. Hujazwa kila baada ya miaka miwili, halichapishwi, na anayetaka kuliona lazima aombe na aonyeshe haki ya msingi ya kulihitaji. Sheria mpya ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa sahihi Julai 2025, imeipa EACC usimamizi. Ombi lako liandike kwa kutaja mswada, kamati na maslahi mahususi unayoyashuku. Ombi la jumla halina nafasi.

EACC iko Integrity Centre, na simu ya bure ni 1551. Pia kuna njia ya mtandaoni ya kuripoti bila kujitaja. Usipeleke huko muundo wa kura au rekebisho la kutilia shaka peke yake, wataliweka kando. Wanahitaji nani, lini, wapi, kiasi gani, kwa njia gani, na nani mwingine aliona. Ujumbe wa M-Pesa, picha ya mwaliko, namba ya chumba cha mkutano. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka afisa yeyote wa serikali au mwenye mamlaka aliyejua au kushuku hongo aripoti ndani ya saa 24, na wabunge wamo. Agosti 2025 Rais William Ruto alisema hadharani, bila kutaja majina, kwamba baadhi ya wabunge walipokea shilingi milioni 10 ili kupitisha sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha. Kauli kama hiyo inastahili kufuatwa na maswali ya maandishi: je, iliripotiwa, lini, na ilipewa namba gani?

Kwa Bunge la Kaunti ya Nairobi, pale City Hall, huduma ni hafifu zaidi na hatari ni kubwa vilevile. Wadi ni 85, na waheshimiwa wa wadi huamua ada za maegesho, mabango, leseni na mipango ya ujenzi, mambo ambayo mwenye jengo au kampuni ya matangazo anayahitaji sana. Kumbuka Februari 2021: tume ya mishahara iliidhinisha ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kwa kila MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, siku chache kabla ya mabunge ya kaunti kuupigia kura mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba, na zaidi ya kaunti 40 zikaupitisha. Ripoti za kamati za kaunti mara nyingi hazipatikani mtandaoni, kwa hiyo anza moja kwa moja na barua kwa karani wa bunge hilo. Kifungu cha 196 kinawapa wakazi haki ileile ya kushirikishwa. Omba ripoti ya kamati pamoja na viambatisho vyote kabla mswada haujasomwa mara ya tatu, peleka nakala mbili City Hall asubuhi, na usiondoke kaunta bila muhuri.